Mshenga wa Kidato cha Pili

Vijana wa idara ya Kiingereza, mmeniomba niwaachie maneno machache kuhusu miaka yangu darasani. Mkuu wa idara alisema kurasa chache tu, tena akanionya, "Madam, isiwe kama andalio la somo." Nimemsikia. Mimi ndiye Tulizo, mliyezoea kumwita Madam Tulizo, na wanafunzi wakiniita Madam Swali nikishawapa mgongo, wakidhani sijui. Nimestaafu mwezi uliopita. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri, naoga, navaa, nafika mlangoni ndipo nakumbuka kwamba paredi haipo tena.

Vyeo sitavitaja. Nilivyopata havikuniongezea akili, na nilivyokosa havikunipunguzia, ingawa wakati ule nilinuna sana. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kuuliza, maana hilo ndilo lililonilisha na ndilo ninalomshukuria Mungu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule moja ya Njombe mjini. Niliripoti mwezi wa Saba, na anayeijua Njombe ya mwezi wa Saba hahitaji maelezo. Darasa lilikuwa na wanafunzi themanini na kitu, wote mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta. Nikauliza nani anajua jibu, hakuna mkono uliotokeza. Nikadhani ni baridi. Siku ya pili jua likawaka, na mikono ikabaki ndani vile vile.

Nikabadili mbinu, nikaanza kuwasimamisha mmoja mmoja kama nilivyofundishwa chuoni. Unaitwa nani, unaishi wapi, baba yako anafanya kazi gani, yote kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujiamini. Kila niliyemsimamisha aliangalia viatu vyake. Nilimaliza wiki nikiwa navijua viatu vyao vyote, sauti zao sijui hata moja.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Haule. Alikuwa mtu wa Ludewa, wa kule ziwani, mtoto wa wavuvi aliyepandishwa huku juu na serikali na hakuacha kulalamikia baridi hadi mwisho. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, hata mwezi wa Kumi na Mbili. Alikaa nyuma ya darasa langu vipindi viwili bila kusema neno. Tukiwa ofisi ya walimu akanimiminia chai, akasema taratibu, "Binti, Kiingereza unacho. Ila unauliza kama askari wa kituoni."

Niliudhika, siwafichi. Mimi ni Mbena, kitovu changu kimezikwa Njombe, halafu mtu wa ziwani anifundishe habari za watu wa kwetu? Nadhani alikiona kinywa changu kilivyopinda. Akauliza, "Kwenu mgeni akiingia tu, hajakaa, akakuuliza baba yako anafanya kazi gani, unamjibu?"

Jibu nililijua. Kwetu mgeni akifika ni salamu kwanza, kamwene, halafu kiti, halafu moto, halafu habari za mvua na mahindi na wagonjwa. Neno lililomleta ukilisikia kabla ya chai, ujue kuna msiba. Na jambo likiwa zito, kama kutaka binti wa watu, mwenye shida haendi kabisa. Anamtuma mshenga.

"Basi watumie washenga," alisema Haule. "Mjumbe hauawi."

Kesho yake alinionyesha. Aliweka viti viwili, kimoja mbele ya darasa na kingine nyuma kabisa, na mwanafunzi mmoja kwa kila kiti. Wa tatu ndiye mshenga. Wa mbele anamnong'oneza mshenga swali kavu: muulize amekula nini. Mshenga anatembea hadi nyuma, na ile safari kati ya madawati ndiyo dawa yenyewe, maana ndipo anapolipanga swali upya kichwani. Akifika hasemi "umekula nini". Anasema, "She would like to know what you ate." Anapewa jibu, analirudisha kwa aliyemtuma. Ndiyo haya maswali ya mzunguko ambayo vitabu vinayapa kurasa saba na majedwali. Haule aliyafundisha kwa viti viwili na mguu wa mtoto.

Nikaona mikono inatoka ndani ya sweta. Nilijiuliza kwa nini, na nilikuja kuelewa baadaye. Mtoto anayeuliza kwa ajili ya mwenzake hana cha kuaibikia. Swali si lake, amelibeba tu. Likivunjika njiani, watacheka swali, hawatamcheka yeye.

Vifaa vyangu tangu siku ile vilikuwa vile viti na kopo la maziwa ya unga lenye vikaratasi vya maswali walivyoandika wanafunzi wenyewe. Nimehudhuria semina nyingi, nimepewa kalamu za rangi na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani, na mchana nimekula wali na kuku. Nashukuru kwa kuku. Kopo lilifundisha zaidi. Swali la kwanza la maana lililotoka ndani yake lililetwa na kijana mmoja mrefu, akasimama mbele yangu kwa adabu zote akasema mwenzake angependa kujua kama Madam ana mume. Sikuwa naye. Kiingereza chake kilikuwa safi, nikampa alama zake.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa Makambako, kwenye upepo. Njombe baridi inakukuta umekaa, Makambako inakufuata hadi ndani ya koti. Mwalimu Haule naye alikuwa ameoa huku, akastaafu, akajenga Lyamkena, pembeni ya mji, akawa ananunua viazi kwa wakulima na kuviuza kwa wenye magari ya kwenda mbali. Kila nikipata darasa gumu nilikwenda kwake jioni tukanywa chai. Alikuwa hanipi ushauri mpaka nimalize kikombe.

Sasa nifike kwa Lusungu, na hapa nianze na kosa langu.

Lusungu alikuwa binti wa Kitandililo, mdogo wa umbo, aliyekuja kidato cha kwanza na kimya chake. Hakuwa bubu. Daftari lake lilikuwa safi na majibu yake ya kuandika yalikuwa sawa. Ila mdomo haukufunguka, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Siku moja nilichoka. Nilimsimamisha nikasema hatakaa mpaka ajibu. Alisimama vipindi viwili vyote, dakika themanini, na sikumwambia akae. Mimi, niliyefundishwa na Haule. Nilikuwa na hasira za mambo mengine kabisa, ya nyumbani kwangu, nikazimwaga kwa mtoto. Tangu siku ile, kila alipoiona sketi yangu mlangoni aliinamisha kichwa. Naandika hili ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa na dawa kabatini na bado akampa mgonjwa sumu.

Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, alikuja shuleni mzee mmoja wa makamo, amevaa koti jeusi na kofia, anatembea kama mtu asiyeharakishwa na yeyote. Alikuwa Mzee Yeremia, baba mkubwa wake Lusungu. Wazazi wa binti walikuwa wametangulia mbele ya haki akiwa darasa la nne, na huyu ndiye aliyemlea. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za kwetu, ndipo akasema.

"Mwalimu, huyu mtoto nyumbani hasemi, na nasikia huku pia hasemi. Mama mkubwa wake mguu umemharibikia, na shamba la viazi lipo. Sitaki kumpotezea mtoto miaka yake. Siku ya kufunga mwezi wa Sita nitakuja mwenyewe. Nikimsikia akiongea Kiingereza na mtu, atarudi. Nisipomsikia, abaki nyumbani tusaidiane."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana niliogopa. Mtu mbaya unaweza kumlaumu, lakini mtu mwenye sababu utamfanyaje? Na nilijua nafsini mwangu kwamba kimya kile nimekichangia. Nilikuwa na wiki nane hivi.

Nikamweka Lusungu kwenye orodha ya washenga, nikamtuma kwanza kwa rafiki yake anayekaa naye, msichana mpole wa Mahongole. Swali lilikuwa jepesi: muulize anaamka saa ngapi. Lusungu akatembea polepole hadi kiti cha nyuma. Akapiga goti kidogo, kama tunavyosalimu wakubwa. Akasema kwa Kiingereza, "Good morning. How is your home?" Mwenzake akajibu salama. Akauliza mvua imewanyeshea vipi. Akauliza kama mahindi yameota. Akauliza hali ya bibi. Akaomba ruhusa ya kukaa, akakaa. Akasifu nyumba, na nyumba yenyewe ni dawati lenye mguu mmoja mfupi. Darasa likaanza kucheka chini chini, na mimi nimeshika chaki kama mshumaa, siamini. Kengele ikalia. Lusungu akainuka, akashukuru kwa mapokezi, akaahidi kwamba watakuja tena, akarudi.

"Na swali je?" nikamuuliza.

Akaangalia chini, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Madam, siku ya kwanza mshenga hataji neno."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya matangi ya maji, nikalia, kisha nikacheka. Mtoto aliyenyamaza mwaka na nusu alikuwa amezungumza Kiingereza dakika kumi, na kosa lake pekee ni kwamba ana adabu kunishinda mimi.

Baadaye nilielewa alikotoa hayo. Mzee Yeremia ndiye mshenga anayeaminika Kitandililo. Vijana wakitaka kuoa wanamtuma yeye, na akirudi anawasimulia safari nzima nyumbani kwake. Lusungu ndiye aliyekuwa akiwapelekea wageni chai, akasimama mlangoni na sinia tupu akisubiri vikombe, akasikia kila kitu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anasoma pale.

Tuliendelea. Safari ya pili alilitaja neno. Ya tatu alirudisha jibu lote bila kudondosha kitu. Ila ukimwita kwa jina lake na kumuuliza jambo lake mwenyewe, mlango unafungwa. Akibeba la mtu anasema, la kwake hasemi. Na Mzee Yeremia angekuja kumuuliza la kwake.

Nikaenda Lyamkena. Nikamaliza chai. Haule akavuta sweta ya juu, akasema, "Basi usimtoe kwenye ushenga. Mpe kazi."

Siku ya kufunga, wanafunzi wakibeba magodoro yao na kuagana, tulikaa katika darasa la kidato cha pili watu wanne. Mzee Yeremia kiti cha mbele. Kiti cha nyuma Mwalimu Haule, amefunga tai juu ya sweta zake mbili. Lusungu katikati. Mimi ukutani. Nilimwambia mzee kwamba huyu ni mgeni wetu, msomi, hajui Kiswahili, na kama yeye mzee ana jambo la kuuliza shule basi binti atalipeleka. Mungu anisamehe, nilisema bila kupepesa.

Mzee alimtazama Haule kwa muda mrefu. "Kamwene," akasema. Haule akamkodolea macho kama mtu asiyeelewa. Jasho likanitoka, Makambako, mwezi wa Sita.

"Haya," Mzee Yeremia akamwambia Lusungu. "Mwambie namsalimu, na nauliza kwao hawajambo."

Lusungu akatembea. Sauti ikatoka ndogo lakini nzima. "My father greets you. He would like to know how your people are." Haule akajibu, jibu likarudi. Mzee akatikisa kichwa.

"Muulize, kwa nini shule inamtaka huyu mtoto."

Nilimwona akisita hatua moja. Kisha akaenda. "He would like to know why the school wants this child." Akasema mtoto huyu, kana kwamba ni wa jirani.

Haule akajibu kwa Kiingereza kirefu, kwamba shule ina watoto wengi wanaosema na wachache wanaosikiliza, na huyu hubeba neno la mtu likafika kama lilivyotoka, na kwamba watu wa namna hiyo nchi haina wa kutosha. Lusungu akarudi kwa baba yake mkubwa, macho chini. "Anasema nafasi ipo."

Haule akaita kutoka nyuma, "All of it, please." Lusungu akalazimika kuanza upya na kuyasema yote, sifa zake mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya mzee wake. Masikio yalimwiva kwa aibu.

Kisha Haule akatuma la kwake, na hili hatukuwa tumepanga. Alitaka kujua mtoto mwenyewe anataka nini.

Lusungu alilibeba swali hilo hadi mbele kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa. "Baba mkubwa, mgeni anauliza mtoto mwenyewe anataka nini."

"Mimi nitajuaje?" akasema Mzee Yeremia. "Jibu hilo liko kwa mtoto. Mpelekee yeye."

Lusungu akasimama katikati ya viti viwili. Hapakuwa na kiti cha tatu cha kuendea. Nilitaka kuingilia, nilitaka kumwambia akae, akae jamani, yale niliyopaswa kumwambia mwaka uliotangulia. Haule akanikataza kwa jicho. Nje mtu alikuwa anaburuta dawati.

Akageuka nyuma. Akasema kwa Kiingereza, pole pole, kwamba mzee anasema hajui, na kwamba swali ni la mtoto. "The child says she wants to come back. She says every holiday she will cook in the morning and in the evening. She has never refused work."

"Kasemaje?" mzee akauliza.

Na ilimbidi atembee tena hadi mbele, alibebe jibu lake mwenyewe kwa lugha ya nyumbani. "Mtoto anasema anataka kurudi, baba mkubwa. Na kazi za mama mkubwa atazifanya kila likizo, asubuhi na jioni. Anasema hajawahi kukataa kazi."

Mzee Yeremia alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akatazama kiti cha nyuma, akasema kwa Kiswahili chepesi kabisa, "Mwalimu Haule, vile viazi vya Jumamosi utavichukua, au nimpe mwingine?"

"Nitavichukua, mzee," akasema Haule, aibu imemjaa. Jina la mzee sikuwa nimemtajia, na alipomwona akiingia tulikuwa tumeshaanza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akaniona, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Usiogope, Mwalimu. Ukweni hata ukimjua mtu, siku ya ushenga humjui. Ninyi mlikuwa kazini, na mimi nilikuwa kazini."

Mwalimu Haule ametutoka mwaka juzi, tumemzika Lyamkena kwenye upepo aliouchukia. Sikuwahi kumshukuru kama ilivyopasa, kwa sababu kila nilipoanza alinimiminia chai. Basi nimshukuru hapa. Nimshukuru na Lusungu, aliyenifundisha kwamba mtoto anayenyamaza huenda anasubiri tu kutumwa. Ninyi vijana, msimsimamishe mtoto dakika themanini. Tafuteni anayoyajua kutoka kwao, mumpe kazi.

Siku ile niliwasindikiza hadi getini. Mzee Yeremia akaniuliza mwezi wa Saba tunafungua tarehe ngapi. Nikamtajia. Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji jingine. Kisha akasimama, akamwangalia binti aliyekuwa mbele yetu kidogo na godoro lake kichwani.

"Nimewaulizia vijana wa watu mabinti wa watu, kata nzima," alisema. "Huyu wangu nimemwagiza, nimemkanya, nimemwombea. Kumuuliza kitu, sikumbuki."

Akamfuata. Nikamsikia akisema, "Lusungu, tuchukue bodaboda, au ungependa tutembee?"

Binti akageuka na godoro lote, akamtazama. "Tutembee, baba mkubwa."

Mzee akalichukua godoro, akajitwika kichwani juu ya kofia, wakashika barabara ya Kitandililo. Niliwatazama mpaka kwenye kona. Aliyekuwa anaongea ni Lusungu, mikono yake inakwenda juu na chini. Mzee alikuwa anasikiliza.